Kasiksi na Machicha Yake

Mtu akitaja kasiksi mbele ya watu waliosoma, wengi hucheka kidogo. Wanasema ni pombe ya kijijini, pombe ya wazee wanaokaa nyuma ya nyumba chini ya migomba. Lakini siku ya kupokea wakwe, au siku ya kumaliza matanga, wale wale waliocheka ndio wa kwanza kuuliza kwa sauti ya chini: "Na kasiksi iko?"

Wenzangu katika kijitabu hiki wameandika juu ya mambo makubwa ya desturi zetu. Mimi nimechagua jambo dogo ambalo sijaliona limeandikwa: namna ya kuhamisha kasiksi kutoka kwenye bidoni kwenda kwenye chupa bila kuamsha machicha yaliyolala chini. Nitaeleza kazi yenyewe, ili kijana anayesoma aweze kuifanya bila kumsumbua mtu. Na nitakiri jambo moja ambalo familia yangu haijui mpaka leo.

Kasiksi ni nini

Kwa wale waliozaliwa mbali nasi, kasiksi ni pombe ya ndizi. Bashi wanaitengeneza, watu wa Idjwi wanaitengeneza, na ng'ambo ya Ruzizi, kwa Wanyarwanda, dada yake anaitwa urwagwa. Ndizi zake si zile tunazopika na maharagi. Ni ndizi za pombe, ambazo zikiwa mbichi zina utomvu mkali unaokausha mdomo. Kijijini zinachimbiwa shimo, linatandikwa majani ya mgomba, linapashwa moto kidogo, kisha ndizi zinafunikwa siku nne au tano mpaka ziive zote pamoja. Halafu zinamenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi katika chombo kirefu cha mti. Nyasi zinashika nyama ya ndizi na kuachilia maji. Maji hayo ndiyo mutobe, matamu sana, na watoto huruhusiwa kuyanywa.

Ili mutobe ugeuke kasiksi, unaongezewa maji kiasi, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, na kufunikwa mahali penye joto. Usiku wa kwanza povu linapanda. Siku ya pili na ya tatu chachu inakula sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Mji wetu wa Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo kazi hiyo inachelewa kuliko kule chini Uvira. Povu linaposhuka na mlio ndani ya chombo unapopungua, pombe imeiva.

Hapo ndipo machicha yanaanza kushuka. Ndani yake kuna vitu vitatu: mabaki ya nyama ya ndizi, maganda ya mtama, na chachu yenyewe iliyomaliza kazi. Maganda hushuka upesi. Chachu ni laini kama vumbi, inachukua siku nzima au zaidi, na kishindo kidogo kinatosha kuipandisha tena.

Kijijini hakuna aliyeogopa machicha. Pombe ilinywewa siku ile ile au kesho yake, kibuyu kikizunguka, kila mtu na zamu yake kwenye mrija. Anayejua kunywa hakushusha mrija mpaka chini. Lakini katika glasi, mjini, mbele ya watu wanaokuja kuomba binti, kila kitu kinaonekana.

Muhumba si kijijini

Nimekulia Muhumba, katika komini ya Ibanda, upande wa ziwa. Wasomaji wa hapa wanapajua: nyumba kubwa zilizojengwa enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville, zenye bustani mbele na nyumba ndogo ya nyuma kwa ajili ya wafanyakazi. Sisi tulikaa katika nyumba ndogo ya nyuma. Marehemu baba alikuwa amepewa nafasi hiyo kwa sababu ya kazi yake. Alipofariki, tulibaki pale kwa huruma ya mwenye parseli, na Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, akaja kukaa nasi.

Muhumba ni kartie ya wakubwa, watu wa ofisi na wageni wa mashirika. Si mahali pa kuchimba shimo la ndizi. Mama Mkubwa alinunua mutobe uliokwisha kamuliwa, uliokuja kwa bidoni kutoka upande wa Kabare au kwa mitumbwi ya Idjwi, na kuuchachusha ndani ya depo, nyuma ya magunia ya makala. Alifunga mlango vizuri ili harufu isifike kwenye nyumba kubwa. Mimi kijana niliona haya. Rafiki zangu wa shule walikuwa wa barazani, wenye Primus ndani ya friji. Sikutaka wajue kwamba kwetu kuna pombe ya bidoni.

Zamani, aliniambia, mama yake alichachusha ndani ya mtungi uliokaa juu ya ngata ya majani ili usitikisike. Pombe ilipotulia, alichota kwa kibuyu kidogo, kutoka juu, pole pole, bila kugusa chini. Mtungi una mdomo mpana, mkono unaingia. Bidoni ina mdomo mdogo, na hapo ndipo shida ya mji inapoanza. Ukiiinamisha umimine, pombe inataka kutoka na hewa inataka kuingia kwa tundu lile lile moja. Vinapigana mlangoni. Ndiyo maana bidoni inalia kubu-kubu-kubu, na kila kubu moja ni teke linalopigwa kwenye machicha. Glasi ya kwanza inatoka safi. Ya tano inatoka kama maji ya mto Kawa baada ya mvua.

Dawa yake aliiona barabarani. Wote tunawajua akina Kadhafi, vijana wanaouza esansi ndani ya mabidoni kando ya njia. Mama Mkubwa alisimama siku moja akamtazama mmoja wao akihamisha esansi kwa mpira: bidoni juu ya meza, chombo cha mteja chini, mpira katikati, na esansi inatiririka yenyewe bila bidoni kuinamishwa hata kidogo. Alirudi nyumbani, akaenda Kadutu sokoni, akanunua mita mbili za mpira mpya unaopenyeza macho. Mpira huo ulikuwa na msumari wake ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kuutumia kwa kazi nyingine. Bidoni iliyowahi kubeba esansi au mafuta ya taa haikuingia katika depo yake, hata kama imeoshwa mara kumi.

Jumapili ya tetemeko

Mwanzoni mwa mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa masomo ya juu. Dada yangu alikuwa amepata mchumba, na familia ya kijana iliomba kuja kuzungumza. Siku iliyokubaliwa ilikuwa Jumanne tarehe 5 Februari, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu na wazee hawakutaka kuzungumza ndoa ndani ya Kwaresima. Bia ya kiwanda tulinunua kidogo, kadiri ya mfuko wetu. Heshima yote ya nyumba iliwekwa juu ya kasiksi: mabidoni matatu ya litri 20, yaliyochachushwa tangu Jumatano na kuhamishiwa Jumamosi juu ya ubao, ndani ya depo, ili yatulie. Jumapili baada ya misa tungejaza chupa.

Sababu ya kuyapandisha juu mapema ni hii: bidoni inayohamishwa siku ya kujaza chupa inaamka njiani. Inatakiwa ilale pale pale itakapomiminiwa. Jumamosi jioni niliegemea ubao nikiongea na simu, Mama Mkubwa akanishika sikio.

"Hapana kuigusa," alisema. "Inalalaka kama mutoto. Ukimuamusha mubaya, atalia siku muzima."

Jumapili tarehe 3, karibu saa tatu na nusu asubuhi, tetemeko la udongo lilipiga. Wanasayansi walilipima 5.9, na kitovu chake kilikuwa kaskazini ya mji. Waliokuwa kanisani wanakumbuka walivyotoka. Kwa ujumla watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, wengi wao upande wa Rwanda, na Bukavu nyumba nyingi zilipasuka. Mchana, tulipodhani yamekwisha, tetemeko lingine likafuata. Usiku ule Muhumba nzima, wakubwa na wadogo, ililala nje. Kwa mara ya kwanza watu wa nyumba kubwa na sisi wa nyumba ya nyuma tulikaa chini ya turubai moja.

Ni jioni tu ndipo Mama Mkubwa alipoingia depo na taa. Bidoni moja ilikuwa imeanguka kutoka juu ya ubao, kifuniko kimeruka, pombe yote imekunywewa na sakafu. Zile mbili zilisimama, lakini alipomulika ubavuni, ndani mlikuwa kama uji. Kazi ya siku mbili ya kutulia ilikuwa imegeuzwa kwa dakika moja.

Mama yangu alilia. Alisema tuwaambie wakwe waahirishe mpaka baada ya Pasaka. Mama Mkubwa alikataa. Alilegeza vifuniko kidogo ili hewa ipumue, akakunja magunia mawili matupu na kuyaingiza chini ya mabidoni, akafunga mlango.

"Tuko na kesho muzima na usiku wake," alisema. "Itashuka."

Kosa langu

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema.

Jumatatu asubuhi Mama Mkubwa aliondoka kwenda Kadutu kumtazama ndugu ambaye ukuta wake ulianguka. Mama na dada walikuwa nje wakifua. Udongo ulikuwa bado unatetemeka kidogo kidogo, na kila ulipotetemeka nilifikiria yale mabidoni. Niliona haiwezekani yatulie kabla ya Jumanne. Mimi, niliyesoma kemia, niliona pia kwamba wanawake wa nyumbani kwetu wanangoja bure jambo ambalo kitambaa safi kinaweza kulimaliza kwa nusu saa.

Nilichukua bidoni moja. Nilikata chupa ya plastiki nikaifanya mdomo, nikatandika kitambaa juu yake, nikamimina yote ndani ya bidoni tupu, kutoka juu, kwa nguvu, povu likiruka. Kitambaa kilishika maganda ya mtama, nikafurahi. Nikatazama chini: pombe ilikuwa na rangi ile ile ya uji. Nikarudia mara ya pili. Nikarudia mara ya tatu.

Leo najua nilichokifanya. Chachu ni ndogo kuliko matundu ya kitambaa chochote cha nyumbani. Inapita pamoja na pombe. Kwa hiyo sikuondoa kile kilichofanya pombe iwe chafu. Na kila nilipomimina kutoka juu, niliingiza hewa. Hewa ndiyo chakula cha vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki, na hewa hiyo hiyo ilifukuza ule mchomo mdogo wa ulimini ambao ndio uhai wa kasiksi changa. Juu ya hayo, kitambaa chenyewe kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni ya kipande, na harufu yake ilibaki.

Mama Mkubwa alirudi saa kumi. Aliona kitambaa kikining'inia kwenye kamba, kikiwa na madoa ya kahawia. Aliingia depo. Mimi nilisimama nje ya mlango. Nilimsikia akifungua kifuniko, akanusa, akafunga. Alipotoka alinitazama kwa muda. Kisha akaenda kukaa jikoni, akaanza kuchambua maharagi.

Usiku, chini ya turubai, mama aliuliza: "Tuko na mabidoni ngapi?"

"Moja," Mama Mkubwa alijibu. "Tetemeko ilikula mbili."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila mtu alikuwa amepoteza kitu siku zile.

Mpira na kijiti

Jumanne kabla ya jua kutoka aliniamsha mimi peke yangu. Bidoni ya mwisho ilikuwa juu ya ubao, juu ya gunia lake. Alimulika ubavu kwa taa. Juu kulikuwa na rangi ya chai nyepesi, na chini kabisa mstari mweusi wa vidole viwili. Udongo ulitupa usiku mmoja wa amani, na baridi ya alfajiri ilisaidia, kwa sababu chachu inashuka vizuri zaidi pakiwa na baridi.

Nitaeleza sasa kama alivyonionyesha, hatua kwa hatua.

Kwanza chupa. Zilikuwa chupa za Primus za sentilitri 72. Tulizisugua ndani kwa mchanga na maji, tukazisuuza kwa maji yaliyochemka, tukaziinamisha zikauke. Maji yasiyochemka ni hatari katika mji ambao kipindupindu kinarudi rudi. Kila chupa ilikuwa sakafuni, chini kabisa kuliko bidoni. Ni tofauti hiyo ya kimo inayovuta pombe: upande mrefu wa mpira unaoshuka ni mzito kuliko upande mfupi unaopanda, na uzito huo unaburuta kilichobaki nyuma yake.

Pili, kijiti. Mama Mkubwa alifunga kijiti cha tete kwenye ncha ya mpira itakayoingia ndani ya bidoni, kwa kamba nyembamba iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Kijiti kilizidi ncha ya mpira kwa vidole vinne. Kwa hiyo kijiti ndicho kilichogusa chini, na mdomo wa mpira ulibaki juu ya machicha. Hiyo ndiyo siri yote ya kuanza vizuri. Kijiti na kamba vilichemshwa pamoja na mpira.

Tatu, kuanzisha. Akina Kadhafi wananyonya kwa mdomo. Mama Mkubwa hakutaka mate ya mtu yeyote ndani ya pombe ya wakwe. Alijaza mpira maji yaliyochemka na kupoa, akaziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, akaingiza ncha yenye kijiti pole pole, ikishuka kando kando ya ukuta wa bidoni. Nikaachilia ncha ya chini ndani ya kikombe. Maji yalitoka, yakafuatwa na pombe. Ilipobadilika rangi, nikakunja mpira.

Nne, kujaza. Ncha ya chini inaingia mpaka kitako cha chupa, ili pombe ipande kimya kimya bila kuruka na bila kukusanya hewa. Chupa inapokaribia kujaa, usiinue mpira. Ukunje kwa vidole, uuhamishe ukiwa chini chini kwenda chupa inayofuata, kisha uachilie. Ukiuinua juu kuliko pombe iliyo ndani ya bidoni, pombe inageuka na kurudi, na mate yake ya kurudi yanapuliza machicha yote. Kifuniko cha bidoni kiwe kimeondolewa, hewa iingie kwa nafasi.

Tano, vizibo. Hatukuwa na mashine ya kufunga vifuniko vya chuma. Tulitumia vizibo vya chupa za divai, vilivyochemshwa, na hatukuvigongelea. Kasiksi bado ina uhai. Ukiifungia kwa nguvu, hewa yake inatafuta njia na inaweza kupasua chupa mkononi mwa mtu. Tena hii si pombe ya kuweka miezi. Ni ya kunywewa leo na kesho.

Tulifanya kazi bila kusema. Ilipofika chupa ya 25, Mama Mkubwa alishika mpira akaukunja, akautoa.

Nilitazama ndani ya bidoni. Zilibaki karibu litri mbili, na juu yake bado palikuwa na pombe safi ya kutosha. Nilihesabu wageni kichwani. Nilijua kwa sababu ya nani tulikuwa na bidoni moja.

"Mama Mkubwa, chupa mbili zinatoka pale. Nitainamisha pole pole."

"Unatafuta chupa mbili, utaharibisha makumi mbili na tano?"

"Hizi 25 zimekwisha kufungwa."

"Leo, ndiyo. Na siku ingine mukono yako itakuwa imezoea kuinamisha." Alifunga bidoni. "Ile ya mwisho haiko yetu."

Alichota kikombe kimoja cha yale machicha akakifunika kwa sahani. "Hii ndiyo itaamusha ile ingine," alisema. Yaliyobaki aliyamwaga kwenye migomba miwili iliyokuwa nyuma ya choo. Bidoni niliyoiharibu aliimwaga hapo hapo, yeye mwenyewe, kabla wengine hawajaamka.

Wakwe

Wageni walifika saa nane, wengi kuliko tulivyotarajia, nguo nzuri na macho mekundu ya watu waliolala nje. Chupa 24 zilikuwa ndani ya kasiye mbili, na moja tulikuwa tumeionja. Mama Mkubwa alimimina mwenyewe. Hakujaza glasi, alifika nusu. Niliona mzee wa upande wao akiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akiitazama, na moyo wangu ukasimama. Aliweka glasi chini akamtazama Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alisema waziwazi kwamba pombe ni kidogo, kwamba tetemeko lilichukua nyingine, na kwamba kama wakitaka kurudi baada ya Pasaka tutawapokea kwa mabidoni matatu.

"Mama," mzee alijibu, "na sisi tulilala inje. Kama mulilala inje na mukapata pombe ya kutulia hivi, tunatafuta nini ingine?"

Mazungumzo yakaanza. Ndoa ilifungwa mwaka ule ule.

Yaliyobaki chini

Mama Mkubwa alifariki mwaka 2019. Hakuwahi kuitaja ile bidoni, si kwangu, si kwa mama yangu, hata siku alipokuwa amekasirika nami kwa mambo mengine. Nilifikiri kwa miaka mingi kwamba alisahau. Sidhani tena. Aliyejua kukunja mpira kwa wakati wake hakuwa mtu wa kusahau. Alijua tu kitu gani kinaachwa chini.

Lakini mimi naona imefika saa ya kuitikisa bidoni hii mwenyewe. Dada yangu na mume wake watasoma kijitabu hiki, na watajua kwamba tetemeko la 2008 lilikula bidoni moja, na ile nyingine ililiwa na kijana aliyeona haya kwa desturi za kwao na kujiona mwerevu kuliko watu wanaongoja.

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipofika mjini, maghala ya bia yaliporwa, na kwa muda watu waliozoea chupa ya kiwanda walianza kukumbuka ya nyumbani. Kwetu bidoni ilirudi juu ya ubao. Aliyeshika mpira safari hii ni binti wa dada yangu, mtoto wa ndoa ile. Alifunga kijiti vizuri, akajaza chupa zake bila kumwaga tone, na nilipomwambia akunje mpira alitazama ndani ya bidoni kama nilivyotazama mimi.

"Mujomba, juu ya nini tunaacha hii yote?"

Nilimpa kikombe. Nikamwambia achote machicha kidogo ayafunike, halafu akae chini, nimsimulie kwa nini.